Mto Pangani kwa ndoana: uvue mlangoni mwa bahari au Nyumba ya Mungu?

Mpwa wangu kanunua fimbo ya kuvulia, na picha yake ilinifikia kwenye simu kabla ya salamu. Ndipo yakafuata maneno: "Shikamoo mjomba. Nianzie wapi, bwawa la Nyumba ya Mungu huku juu, au nishuke huko kwenu Pangani?" Anakaa Moshi. Jumamosi ni zake, Jumapili mara mojamoja, na ana mtoto wa miaka tisa ambaye ameshaapa kwamba habaki nyumbani.

Marahaba, nikamjibu, ngoja nikuandikie. Swali lake siwezi kulimaliza kwa mstari mmoja, maana ndilo nililoishi nalo. Nimezaliwa Bweni, ng'ambo ya mji wa Pangani, na samaki wangu wa kwanza alikuwa chaa asiyezidi kiganja, niliyemtoa mwaka 1981 kwa mshipi uliozungushiwa kwenye kopo la maziwa. Kazi ikanipeleka Moshi, na kwa zaidi ya miaka ishirini maji yangu yakawa ya bwawa. Sasa nimestaafu, nimerudi pwani, na kila nikipata nafasi ya kupanda Moshi kusalimia ndugu, fimbo inapanda basi pamoja nami. Nimevua ncha zote mbili za mto mmoja: bwawani huko juu, na mlangoni, yaani pale mto unapoingia baharini. Hapa nazilinganisha kwa ajili ya mtu kama mpwa wangu: ana fimbo moja, siku chache, na hamu.

Maji ni yaleyale

Kwanza aelewe kwamba halinganishi mto na bahari. Maji ya Kilimanjaro na Meru yanashuka kwa mto Kikuletwa, ya Ziwa Jipe yanakuja kwa mto Ruvu, na yote yanakutana katika bwawa la Nyumba ya Mungu lililojengwa katikati ya miaka ya 1960. Chini ya ukuta wa bwawa mto unakatiza nyika, unapita kinamasi cha Kirua, unafika Korogwe, unaanguka kwenye maporomoko ya Hale na Pangani yanakozalishwa umeme, halafu unatulia. Kuanzia hapo ni minazi, mikoko na tope, hadi kwenye fungu la mchanga baina ya mji wa Pangani na Bweni ambako maji matamu na maji ya chumvi yanapigana vikumbo kila siku.

Kwa hiyo linalofanyika juu linafika chini. Maji yakizuiliwa bwawani na kwenye mifereji ya umwagiliaji, nguvu ya mto kusukuma bahari inapungua, na chumvi inapanda mtoni. Wakulima wa kando ya mto huku kwetu wamelilalamikia jambo hilo kwa miaka mingi, na mvuvi wa ndoana analiona kwa macho: samaki wa baharini wanakula ndoana mahali ambapo zamani ungetoa perege. Babu yangu alivua perege mahali ambapo mimi leo natoa kolekole wachanga. Napenda kolekole, lakini habari hiyo hainifurahishi.

Saa ya mwezi na saa yako

Tofauti kubwa kuliko zote iko kwenye saa, wala haiko kwenye samaki. Hili ndilo linaloamua siku yako itakuwa nzuri au utarudi na kapu tupu, na ndilo wageni wa pwani wanalolidharau.

Bwawani saa ni yako. Ukifika alfajiri utavua hadi kwenye saa nne, jua likiwa kali perege wanashuka kwenye kina, unapumzika chini ya mgunga, unarudi saa kumi hadi giza liingie. Jumamosi hii ni hivyo, na ijayo ni hivyo. Kinachobadilika ni upepo, ambao mchana unaweza kuinua mawimbi ukashindwa kuona boya lako, na baridi ya Juni hadi Agosti, ambayo humfanya perege kuwa mzito wa kula. Nje ya hayo, panga safari kwa kalenda ya ukutani.

Mlangoni saa ni ya mwezi. Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku yanachelewa kama dakika 50 kuliko jana. Siku za bamvua, mwezi ukiandama au ukiwa mpevu na siku moja mbili baada yake, maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, na hupwa kwenye saa nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, mambo yanageuka: yanajaa kwenye saa nne na kupwa kwenye saa kumi. Mtoto wa pwani anayajua haya bila kufundishwa. Mtu wa bara akiyakariri mawili hayo tu, basi akitazama mwezi usiku anaweza kukadiria kesho maji yatakuwaje. Na ajue pia kwamba wiki moja inatosha kuyapindua: Jumamosi hii maji yakiwa yamejaa saa kumi alasiri, Jumamosi ijayo saa kumi hiyohiyo utakuta tope.

Kwa nini ni muhimu hivyo? Kwa sababu samaki wa mlangoni hakai, anasafiri na maji. Njoo ukae nami siku moja pale juu ya mizizi ya mchu, aina ya mkoko, maji yakiwa yamepwa kabisa. Tope linameta, kaa wadogo wametoka mashimoni wanapunga gando, na mkondo katikati ya mto umesimama kama umesahau njia. Halafu unaona jani la mkoko lililokuwa likielekea baharini linasita, linazunguka mara moja, na kuanza kurudi juu. Hiyo ndiyo alama. Ndani ya nusu saa mstari wa povu unapita mbele yako, maji yanazilamba zile ncha za mizizi moja baada ya nyingine, kaa wanarudi nyuma, na mkizi wa kwanza anaruka. Wazee walisema hasira za mkizi, tijara ya mvuvi, kwa kuwa akishtuka huruka mpaka akaangukia mtumbwini. Mimi akiruka simtazami yeye. Natazama kilichomshtua chini. Karamamba na kungu wanaingia na maji hayo kutafuta kaa na kamba kwenye tope lililokuwa kavu saa moja iliyopita. Una kama saa nne za kazi, toka maji yanapoanza kuingia hadi karibu yanaposimama. Yakisimama, fungua chakula chako. Yakianza kutoka, hama: nenda kwenye mdomo wa kijito kinachotoka ndani ya mikoko, kwa maana kamba wanasukumwa nje na maji, na wanaowala wamejipanga hapo wakiwasubiri.

Bamvua lenyewe silipendi kwa ndoana. Bahari yetu hupanda na kushuka mita tatu na zaidi siku hizo, na maji yote hayo yanapita kwenye mlango mmoja. Mkondo unabeba chubwi, kile kizito cha kuzamisha mshipi, unabeba majani na matawi, mshipi unajaa takataka. Maji mafu nayo ni mafu kweli, samaki hana cha kumsukuma. Ninazozitaka ni siku mbili tatu kabla ya bamvua, maji yanapokua kila siku lakini bado hayajawa makali.

Mvua nayo haiathiri sehemu hizi mbili sawasawa. Masika mto ukishuka na udongo, mlango wote unakuwa rangi ya chai ya maziwa na samaki wa baharini wanajitenga nje. Ila hapo kuna siri moja: maji matamu ni mepesi, yanaelea juu ya yale ya chumvi. Unaweza kuonja maji ya juu ukadhani uko Korogwe, kumbe chini ya mita mbili bahari imo. Ongeza chubwi, peleka chambo chini kabisa, na siku ambayo wenzako wameitoa maanani inaweza kukupa kitoweo.

Utakachokitoa

Mlangoni hujui kilichodonoa mpaka ukione. Hiyo ndiyo raha yake na ndiyo sababu mimi, nikilazimishwa kuchagua, nachagua mlango. Asubuhi moja nzuri unaweza kutoa chaa, karamamba, kolekole wachanga, mzia mdogo mwenye meno ya kukata nailoni, na hongwe watatu usiowataka. Mwatiko na mkizi wamejaa, lakini ndoana hawaitaki kirahisi, kwa sababu wanalamba tope na ukungu wa majani kuliko kuuma nyama. Kwa mkizi tumia ndoana ndogo sana na donge la mkate, na uwe na subira ya mtu anayetunga shanga.

Karamamba ndiye ninayempenda kuliko wote. Hadonoi kama chaa anayegongagonga. Anachukua chambo, anasimama nacho, mshipi unalegea kidogo, na asiyejua anadhani maji yameugeuza. Subiri. Anapoondoka, anaondoka moja kwa moja kuelekea kwenye mizizi, na una pumzi mbili za kumzuia kabla hajajifunga humo. Ukimtoa nje anakoroma. Kweli anakoroma, kwa kusaga meno yake ya kooni, na ukiwa umemshika unaisikia sauti hiyo kwenye kiganja kabla ya sikio. Nimewatoa mamia, na bado kila akikoroma natabasamu.

Bwawani mambo ni machache na yanajulikana: perege na kambale. Usiwadharau kwa uchache. Perege wa mto huu wana ukoo ambao asili yake ni mto huuhuu, na wanasayansi wamewaita kwa jina la Pangani. Ni samaki wa kufundishia. Boya linatikisika, linatulia, linatikisika tena, kisha linakwenda pembeni polepole kama mtu anayeondoka mkutanoni bila kuaga. Hapo ndipo unapovuta. Ukivuta mapema umemkosa, ukichelewa ameshatema. Mtu akijifunza kusoma boya la perege, mkono wake umeshapata adabu ambayo itamfaa popote.

Na kuna jambo moja kuhusu perege ambalo napenda kila anayeanza alione kwa macho yake. Dume huchimba shimo la mviringo kama sahani mahali pa kina kifupi, jike hutaga humo, kisha mama huyakusanya mayai yote na kuyabeba mdomoni mpaka yaanguliwe, na hata vitoto vikishaogelea hurudi mdomoni vikiogopa. Mara ya kwanza nilipomtoa jike wa namna hiyo nilikuwa kijana. Nilimweka kwenye nyasi nikaona punje za rangi ya njano zinamwagika kutoka kinywani mwake, nikadhani ni chambo. Zilikuwa mayai. Tangu siku hiyo perege jike mwenye shavu lililovimba simtoi majini. Namfungua ndoana mkono ukiwa umo ndani ya maji, na anakwenda zake. Bwawa hili miaka yake ya kwanza lilijaa samaki kupita kiasi, kama yanavyofanya mabwawa mapya ardhi iliyozama inapotoa rutuba yake. Baadaye wakapungua, na serikali imewahi kulifunga kwa wavuvi ili samaki wazaliane. Ulizia kabla ya kufunga safari.

Kambale ni wa usiku na wa watu wenye moyo. Utumbo wa kuku, ndoana kubwa, chini kwenye tope. Anavuta kama gunia linaloburuzwa, na ukimtoa anaweza kukaa hai kwenye ndoo saa nyingi, maana anavuta hewa kama sisi. Jihadhari na miiba miwili ya kwenye mapezi ya kifuani.

Siwezi kuuacha mkunga wa mtoni, samaki anayeziunganisha ncha hizi mbili. Huzaliwa baharini, mdogo kama uzi, anapanda mto anaishi humo miaka, kisha anashuka kwenda kuzaa baharini alikotoka. Nilimtoa mmoja tu maishani mwangu, chini ya Hale, usiku, mrefu kama mkono wangu mpaka begani. Nilimtazama kwa tochi nikamrudisha. Mbele yake kulikuwa na kuta za zege, nyuma yake kulikuwa na nyavu, na alikuwa amefika pale.

Vifaa

Kwa bwawa, fimbo yoyote inafaa, hata mwanzi. Nailoni ya milimita 0.25, boya la kizibo au la bua la mtama, kichubwi kidogo kama punje ya njegere, ndoana namba 8 au 10 (namba ikipanda ndoana inazidi kuwa ndogo, wengi hulikosea hili dukani). Chambo ni nyungunyungu, au ugali uliokandwa na mafuta kidogo usivunjike. Gharama yote hii haimshindi mtu.

Mlangoni kunakula vifaa. Nailoni ya 0.40, na kipande cha mwisho kama urefu wa mkono kiwe kinene zaidi, kwa sababu chaza walioshika kwenye mizizi ya mikoko wanakata kama wembe. Chubwi za gramu 30 kwa siku za kawaida, 60 au 90 maji yakiwa na nguvu, na ubebe nyingi kwa kuwa utaziacha huko. Chambo bora ni kamba hai, aliyechomwa mkiani asife, akifuatiwa na kipande cha ngisi. Kisha chumvi. Rili yangu ya kwanza ya maana, yaani kile kigurudumu cha kukunjia mshipi, niliyoinunua kwa akiba ya miezi, iliganda ndani ya msimu mmoja kwa kuwa niliifuta kwa kitambaa tu. Kila ukirudi, iogeshe kwa maji ya bombani, iache ikauke kivulini, tone la mafuta, ndipo uiweke. Bwawani unaweza kuisahau rili kwenye gari wiki nzima isidhurike.

Hatari, tena kwa ukweli

Hapa sipambi. Nyumba ya Mungu kuna mamba, na kuna viboko. Mto wa juu pia una mamba. Usisimame majini, usichutame ukingoni kuosha samaki, usirudie mahali palepale kila siku saa ileile, na usikae kwenye matete mahali usipoona. Wenyeji wanajua wapi mamba anaota jua. Waulize na uwasikilize. Juu ya hilo kuna kichocho, kinachotokana na konokono wa maji yaliyotulia na kuingia kwa ngozi bila kukuuma. Gambuti si urembo. Ukikumbuka kwamba uliloa, nenda ukapime.

Mlangoni hatari ni ya mkondo, tope na miiba. Maji yakitoka siku za bamvua yanamchukua mtu mzima anayejua kuogelea. Kwenye tope laini unazama hadi magoti na maji yanakuja nyuma yako, kwa hiyo jua njia ya kurudi kabla hujatupa mshipi. Hongwe ana miiba mitatu yenye sumu, taa ana mmoja mkiani na hulala chini ya mchanga, basi tembea kwa kuburuza miguu badala ya kuinyanyua. Ukichomwa, loweka mahali hapo kwenye maji ya moto, ya kiasi ambacho ngozi inavumilia bila kuungua, kwa saa nzima au zaidi, na safari ya hospitali ianze hapohapo. Mimi hongwe alinichoma chini ya kidole gumba usiku, mbali na nyumba, na nilikaa hadi alfajiri nikitokwa machozi. Siku hizi natembea na koleo la kumfungulia, na chupa ya chai ya moto naibeba kwa sababu mbili.

Na yule mtoto wa miaka tisa? Kwake sichagui sehemu yoyote kati ya hizi kwa siku ya kwanza. Mkoani Kilimanjaro kuna watu wanaofuga perege kwenye mabwawa madogo mashambani. Zungumza na mmoja, ulipe samaki mtakaowatoa kwa kilo, mtoto avue boya likimcheza mita tatu mbele yake pasipo mamba wala mkondo. Akishatoa watano, mlete Pangani, aketi kati yangu na ukuta.

Ruhusa

Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2003 inataka anayevua awe na leseni, na kuvua kwa kujiburudisha hakumtoi mtu kwenye sheria hiyo. Pita ofisi ya uvuvi ya wilaya, kisha ukifika ufukweni jitambulishe kwa BMU, kikundi cha wenyeji kinachosimamia uvuvi wa ufukwe huo. Ni adabu pia: wale wanaishi kwa maji hayo, wewe umekuja kupumzika. Huku kwetu zingatia kwamba kaskazini ya mlango inaanza Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyotangazwa mwaka 2009, na kisiwa cha Maziwe ni hifadhi ambayo hairuhusiwi kuvuliwa kabisa.

Nami naongeza langu. Ukiona kokoro, ule wavu wa kukokota, linaburuzwa ndani ya mikoko, au chandarua cha mbu kimefanywa wavu, usipige picha ukacheka. Mle ndani ndimo wanamokulia kamba na watoto wa nusu ya samaki tunaowala pwani nzima. Sisi wa ndoana tunatoa mmoja mmoja na tunaweza kumrudisha aliye mdogo. Sijui kazi nyingine ya kuvua inayompa mtu nafasi ya namna hiyo kwa kila samaki.

Jikoni

Karamamba na kungu wanataka kupakwa: choma nusu, kisha tui zito la nazi, ndimu na pilipili. Chaa mkaange mkavu hadi mifupa ivunjike mdomoni. Perege wa bwawa mchome mzima kwa chumvi tu, kandokando ya maji, na ugali wa moto. Kambale ni wa moshi. Kama chakula ndicho kinachokupeleka, pwani inashinda, na hapo najua naongea kama mtoto wa Bweni.

Basi mpwa wangu afanyeje

Anayeanza, mwenye Jumamosi tu, anayetoka Moshi: Nyumba ya Mungu ni safari ya kwenda na kurudi siku moja. Pangani ni basi hadi Tanga, kisha gari lingine la kama kilomita 50, na lazima alale. Ukiwa na siku nne kwa mwezi, huwezi kuzimalizia barabarani. Basi miezi mitatu ya kwanza iwe ya bwawa. Mkono ujifunze boya, kidole kijifunze kufunga fundo bila kutazama, jicho lijifunze kukaa. Mtu aliyekuja mlangoni bila hayo anakabiliana na mkondo, mizizi, chubwi na mwezi kwa wakati mmoja, na wengi wa aina hiyo nimewaona wakiuza fimbo kabla ya mwaka.

Lakini aliyekwisha kujifunza akabaki bwawani kwa sababu ya uvivu wa safari, huyo namsukuma ashuke. Bwawa litakupa samaki siku nyingi zaidi, hilo silipingi. Mlango utakupa siku ambazo hutoi kitu, na hutakuwa na wa kumlaumu, kwa sababu maji yalikuonyesha wazi wakati wa kuja nawe ukaja kwa saa yako. Ukianza kuyasikiliza, huachi tena. Mimi sijaacha.

Kwa hiyo, mjomba wangu, fanya hivi. Mwezi ukiwa na siku 12 na Jumamosi ikaangukia hapo, omba ruhusa Ijumaa uondoke mapema, ulale kwangu. Siku hiyo maji yatakuwa yamepwa kwenye saa mbili asubuhi na kujaa kwenye saa nane mchana, kwa hiyo tutatupa ndoana kuanzia saa tatu. Usinunue chambo Tanga, kitafika kimeoza. Nitashuka kwenye tope usiku wa kuamkia siku hiyo, na ukiteremka kwenye kivuko upande wa Bweni utanikuta na ndoo, kamba wakiwa hai.